Nimechapa riwaya nakala 500 kwa fedha zangu: zilizouzwa, zilizolowa na zilizoliwa na sambusa

BintiMtambwe

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia pembeni: "Mwalimu, mswada wangu umekwisha, nikauchapishe wapi?" Nikamjibu kuchapa ndiyo kazi nyepesi, ukiwa na fedha hata kesho unachapa, kuuza ndiko kuzito. Akahisi namkebehi, akaninunia. Basi nimeona niyaandike hapa yaliyonikuta, asome yeye na wengine.

Miye mwalimu wa Kiswahili, skuli ya sekondari upande wa Wete, Pemba. Mwaka juzi nilichapa riwaya yangu ya kwanza, kurasa 176, saizi ya A5, jalada la rangi. Wapigachapa wanahesabu kwa forma, forma moja kurasa 16, na yangu ikatoka forma 11 kamili. Ingezidi kurasa mbili tu ningelipia karatasi tupu, kwa hiyo sura ya mwisho niliipunguza maneno usiku wa kuamkia kupeleka. (Kuna msomaji kaniambia mwisho wa kitabu umekwenda mbio. Sikumwambia sababu.)

Nilichapisha Dar nakala 500. Mpaka kartoni zinashushwa bandarini Mkoani, kila nakala imenisimamia shilingi 4,600. Piga hesabu mwenyewe: milioni mbili na laki tatu. Ni zamu yangu ya upatu pamoja na pete mbili. Bei ya kuuzia nikaweka 10,000.

Jina la kitabu silitaji, wasimamizi wasije wakaufuta uzi wakasema nimeleta tangazo.

Nianze na uzinduzi, maana ndiko fedha zilikopotelea. Nilidhani kitabu bila uzinduzi ni kama harusi bila ngoma. Nikakodi ukumbi Chake, mapambo, vipaza sauti, mshereheshaji, bango lenye uso wangu mkubwa mpaka nikaona haya, na sambusa. Laki tisa. Mgeni rasmi kachelewa kwa saa mbili, kafika kasifu Kiswahili cha Pemba, kasema vijana wasome, kaahidi nakala 20: "Nitamtuma kijana aje azichukue." Kijana mpaka leo yuko njiani.

Watu walijaa, sikatai. Ila nakumbuka dada mmoja kavaa baibui zuri, kakichukua kitabu mezani, kakishika karibu na shavu, kapigwa picha tatu, kaziangalia picha, ya pili haikumpendeza, kapigwa nyengine. Halafu kakirudisha kitabu mezani taratibu, kakiweka sawa na wenzake, kaenda kwenye sambusa. Na picha kaiweka mtandaoni: "Kitabu kizuri sana, kipateni." Siku ile niliuza nakala 41 taslimu. Nyengine 22 zilikwenda kwa "nitakurushia". Waliorusha ni tisa.

Nakala za bure sizihesabu. Kila ndugu kauliza "yangu iko wapi?" Ami yangu kachukua tatu, moja yake na mbili za watu asiowajua.

Halafu duka. Nilipeleka nakala 40 kwa muuza vitabu mjini Unguja, mali kauli, yaani alipe vikishauzwa, yeye akate asilimia 35. Hatukuandikiana, tulipeana mikono tu. Baada ya miezi saba nikavuka kwenda kuangalia. Nimevikuta nyuma ya madaftari na vitabu vya mitihani. Kimoja tu kilikaa dirishani, na jua lishakila, jalada lilikuwa jekundu limekuwa la waridi. Vimeuzwa 11. Nikakabidhiwa 71,500, na nauli ya boti kwenda na kurudi karibu ingezila zote. Mwenye duka simlaumu sana. Yeye anaishi kwa madaftari, na mtu akiingia dukani hajui kuwa nipo duniani, atakiulizia vipi kitabu changu?

Zilizobaki niliziweka chini ya kitanda. Ikaja masika. Sakafu ya saruji inatoa jasho, na kartoni inalinywa. Nakala 34 za chini zilivimba kama mkate wa kumimina. Wekeni juu ya chaga, jamani, hata mbao mbili zatosha.

Sasa lililoniuzia.

Shangazi yangu ana mtoto wa jicho, hasomi tena. Usiku mmoja kaniambia: "Hebu nisomee hicho ulichouzia pete." Nikakaa naye uwani nikamsomea. Jirani kasikia ukutani, kaja na mkeka wake. Usiku wa pili walikuwa wanane. Nilifika pale mjane anaponyanyua shoka chini ya mkarafuu aliopanda baba wa mumewe, umeme ukakatika. Nikasema basi, tutaendelea kesho. Wallahi sijawahi kutukanwa vile na watu wazima! Mnajua huku kwetu mkarafuu huukati kwa kujisikia, sheria inataka kibali, na hata kusingekuwa na sheria, nani atakutazama usoni? Asubuhi kabla sijatoka kwenda skuli, mmoja wao kanigongea mlango na 10,000 mkononi. Yeye hajui kusoma. Kanunua ili mjukuu amsomee leo leo, asingoje usiku.

Pale ndipo niliposhtuka. Miezi yote ile nilikuwa nawaonesha watu jalada. Watu wetu hawanunui kitabu kwa kukiona. Wananunua wakishakisikia, kikawaachia deni la kujua.

Nikarikodi. Dakika tatu, kwa simu hii hii, nikapeleka kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chetu. Zingatieni haya maana nilikosea mwanzo. Ujumbe wa sauti ukishapelekwa mbele, jina la aliyeutuma mwanzo halifuatani nao. Ule wa kwanza ulifika mpaka Mombasa, watu wanauliza "ni nani huyu, kitabu gani?", na hakuna wa kuwajibu. Wa pili nikataja jina la kitabu na namba yangu mwanzo kabisa, kabla ya kisa, kwa sababu mwisho watu hukata. Na usisome ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza ni wa kumfurahisha mwandishi. Tafuta palipo na ugomvi, soma, na pale panapotaka kutokea jambo, nyamaza.

Tangu hapo mpaka msimu wa karafuu ulipokwisha niliuza 212, mkono kwa mkono na kwa kurushiwa. Sikukodi kiti hata kimoja.

Karibuni kwa masuala.

KahawaChungu

Bi mkubwa, hapo kwa dada wa baibui umenichoma. Miye mwenyewe nimewahi kupiga picha na diwani ya mashairi ya mtu uzinduzini na sikununua. Nisamehewe, mwezi ulikuwa kwenye kona.

Lakini hili la kusoma kwa sauti si geni, tumelisahau tu. Barazani kwetu Mkunazini alikuwepo mzee akitusomea gazeti lote, matangazo ya vifo mpaka bei ya samaki. Walionunua gazeti walikuwa wawili, na walinunua kwa sababu yake, waende wakahakikishe kama kweli kasoma yote.

MkuuWaKinondoni

Mkuu shukrani kwa uzi. Ila mnajichosha bure na maboti, dunia ni kijiji. Pandisha Amazon, weka jalada kali, lala, amka uhesabu dola.

BintiMtambwe

Mkuu, Amazon nimeichungulia. Kitabu cha kielektroniki wanakupa mrabaha wa asilimia 70 ukiweka bei kati ya dola 2.99 na 9.99, chini au juu ya hapo asilimia 35. Halafu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kinachouzwa kule wanakata asilimia 30 ya mrabaha wako kabla haujakufikia. Hayo si mabaya sana. Ila niambie, jirani yangu wa uwani atalipa kwa kadi gani? Msomaji wangu ana simu ya kitochi na elfu kumi aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Nikiandika kwa Kiingereza nitaifikiria Amazon.

NahodhaMstaafu

Mwalimu, kwa heshima zote, unakosea. Ukiwasomea watu bure unawazoesha bure. Leo dakika tatu, kesho watakwambia tumalizie sura. Halafu mjanja mmoja atakirikodi kitabu kizima na kukiuza kwenye flashi pale Darajani. Mimi nina diwani ya mashairi, sikumpa mtu hata ubeti.

BintiMtambwe

Na umeuza ngapi, nahodha?

NahodhaMstaafu

Hilo halihusiani.

KahawaChungu

😂😂😂

BintiMtambwe

Sikukusudia kukuvunjia heshima, baba. Hofu yako ni ya kweli, ila hatari naiona kwengine. Sauti yangu ya dakika tatu haiwezi kuwa kitabu. PDF ndiyo inaweza. Mwalimu mwenzangu aliniomba PDF "nikuangalizie makosa ya chapa". Baada ya wiki mbili mwanafunzi wa kidato cha tatu ananionesha riwaya yangu kwenye simu yake, na makosa ya chapa yamo vile vile, hakuna aliyeyaangalia. Tangu siku hiyo mtu akitaka kunisahihishia nampa karatasi na penseli.

Na ushairi, baba, ndio hasa wa kusikika. Ubeti mmoja ukimkaa mtu kichwani, atautafuta uliobaki.

MtunzaRafu

Naongezea machache, mimi nimefanya kazi ya maktaba.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, haitokuuzia kitabu, usidanganywe. Lakini maktaba na vyuo bila hiyo namba wanapata tabu kukiingiza kwenye orodha zao, na hao ndio wanunuzi wanaochukua nakala kumi kwa mkupuo. Za Tanzania nyingi utaziona zinaanza na 978-9987. Iombe kabla ya jalada kwenda mtamboni, nimeona watu wakibandika karatasi ya namba kwa gundi nakala moja moja.

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, huingoji kwa mtu. Ila nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukaisajili kazi, ili siku ukimkuta huyo wa flashi uwe na cha kumwonesha. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu 2003, si mpya.

Tena tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO waliitangaza 2021, na tangu hapo Unguja huwa kuna makongamano, BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) wapo, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wapo, wageni wa kutoka nje wapo na mabegi matupu. Wewe mwalimu umekaa Wete unauzia uwani! Omba meza mapema. Usiende siku yenyewe na mfuko wa rambo.

BintiMtambwe

Mwaka jana nilikwenda, na mfuko wa rambo ule ule unaousema. Niliuza 19, nimesimama karibu na mlango wa kutokea. Mwaka huu nitaomba meza, inshallah.

MchumajiWaMzambarauni

Dada n'na suala. Kwa nini umesema msimu wa karafuu? Miye naona msimu watu hawana nafasi hata ya kula, wasome saa ngapi?

BintiMtambwe

Hawasomi msimu, wananunua msimu. Nafasi huja baadae, fedha haingoji. Mkulima akishapima karafuu zake kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, siku ile ndiyo ya kulipa madeni, kununua bati, kanga za mama, na kitu kimoja kisicho na maana. Mimi nataka niwe hicho kisicho na maana.

Na wachumaji wanalipwa kwa pishi, jioni kwa jioni. Nilikuwa nakwenda kambini baada ya kazi, watu wamekaa wanachambua karafuu, mikono inafanya kazi lakini masikio hayana kazi. Hapo unasoma nusu saa hakuna anayenyanyuka, labda mtoto analia. Kazi ya kuchambua ilivyo, bila hadithi usiku hauishi.

Kuna kijana mmoja hakuwa na taslimu, kaniambia: "Dada, nikupe pishi mbili tumalizane." Nikamwambia mimi si ZSTC, nikikamatwa nayo njiani nitasema karafuu za riwaya?

MchumajiWaMzambarauni

Hahaha. Huyo namjua!

UkhtyMuscat

Waalaykum salaam. Sauti yako ya shoka ilinifikia Muscat kwenye kundi la familia. Huku tuko wengi tuliotoka Pemba na watoto wetu Kiswahili kinawaponyoka, wanaelewa lakini wanajibu Kiarabu. Nilinunua tatu kupitia kwa mdogo wangu, zikaja kwenye begi pamoja na pilipili na dagaa. Kitabu mpaka leo kinanukia dagaa na sitaki kiache.

Ushauri wangu: usitume kwa posta kimoja kimoja. Tafuta mtu anayesafiri, mpe kumi, huku nitakutafutia mwenye duka la vyakula vya nyumbani akae nazo. Mtu anayekuja kununua muhogo ndiye huyo huyo anayetaka kitabu. Duka la vitabu haendi.

BintiMtambwe

Shukran sana ukhty. Hili la duka la muhogo limenipa akili hata kwa hapa. Bi mmoja anayeuza urojo sokoni Wete kaniambia niache nakala tano kwake, mteja anayesubiri bakuli lake anakichungulia. Nikaogopa ukwaju. Kesho naenda kumwachia, nitazifunga plastiki.

MtotoWaMjini99

Mwalimu kwani wanafunzi wako huwauzii? Una madarasa matatu, kila darasa watu 60, ungemaliza kartoni kwa siku moja. Mbona wengine wanauza pampfleti zao?

BintiMtambwe

Hapana. Hili sitanii nalo. Mwanafunzi akinunua kitabu cha mwalimu wake hanunui, analipa. Anafikiria alama zake. Na mzazi aliyejinyima kitoweo kutoa ile 10,000 atanisema, na atakuwa na haki. Nimeweka nakala mbili kwenye maktaba ya skuli, zimeazimwa mpaka majalada yameng'oka, nimezishona kwa uzi wa nyavu. Anayetaka yake ajitafutie nje ya geti.

Skuli nyengine ni jambo jengine. Nikiitwa naenda, nazungumza na wanafunzi bure, vitabu vinabaki kwenye begi mpaka mtu mzima aulize.

NahodhaMstaafu

Mwalimu, nimekaa nimefikiri. Nimeuza 26. Kwa miaka minne.

Hebu niambie, ukirikodi unakaa wapi? Kwangu kuna mashine ya kusaga jirani, haizimwi.

BintiMtambwe

Baba yangu, usione haya, 26 za ushairi si haba.

Miye huingia kabatini. Kweli. Nafungua kabati la nguo, natia kichwa kati ya mabaibui, najifunika kanga, simu nimeiegemeza kwenye rundo la mashuka. Nguo zinameza mwangwi. Kwa mashine ya kusaga, ngoja alfajiri baada ya sala kabla hajawasha. Ukisikika jogoo mwache, ile ya kwanza ina jogoo na watu wanampenda kuliko mimi.

Soma polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Na usiighani yote, toa beti tatu tu halafu useme diwani inapatikana kwako.

MkuuWaKinondoni

Na redio? Huko visiwani redio zinasikilizwa balaa.

BintiMtambwe

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliulizwa "changamoto za waandishi wanawake" dakika ishirini, kitabu kikatajwa wakati wa kuaga. Mara ya pili nikaomba mwenyewe: niacheni nisome kwanza dakika tano, halafu niulizeni mnachotaka. Simu zilianza kuita kabla sijamaliza. Mtangazaji ndiye aliyepata kazi siku ile.

MwanaWaKonde

Ngojeni kwanza. Nimeusoma uzi huu tangu juu nikiwa na mashaka, sasa nimehakikisha. Mjane, shoka, mkarafuu, jogoo anawika nyuma. Yakhe, kumbe ni weye!

Mwalimu, umetuvurugia nyumba. Mama yangu kaipata ile sauti kwa mtoto wa dada yake, simu yenyewe ikaanguka majini ikafa, na namba ikafa nayo. Mama anasema yule mjane hakuukata, alitishia tu ili mashemeji watoke. Jirani yake Bi Mkubwa anasema kaukata, maana mkono ukishapanda juu na shoka haurudi mtupu, na mashemeji wenyewe wale hawakuacha njia. Wana wiki ya tatu. Juzi wamemwita sheha awaamue kama mtu akitishia kuukata mkarafuu tu ni kosa au si kosa. Sheha kasema hajapata kesi ya namna hiyo.

Leo asubuhi nimemwambia mama nimekupata humu. Kanishika mkono, kasema muulize mwalimu neno moja tu, kaukata au hakuukata?

BintiMtambwe

Mwambie mama shikamoo. Mwambie elfu kumi, na Jumamosi nitakuwepo sokoni Konde.

MwanaWaKonde

Anasema uje na mbili. Cha Bi Mkubwa atakilipia yeye, akione mwenyewe kwa macho yake.